Makumbusho: Neno na Wenye Kukumbushwa

Neno makumbusho limekwisha kuzoeleka masikioni mwetu hata hatuulizi tena maana yake. Asili yake ni kitenzi kumbuka. Kwa kukifanya cha kusababisha twapata kumbusha, na kutoka hapo jina makumbusho. Basi kitenzi cha namna hii hakitimii ila wawepo wawili: akumbushaye na akumbushwaye. Yafaa tuulize, katika historia ya nyumba hizi, ni nani aliyekuwa akimkumbusha nani.

Tuziangalie mbili za awali. Beit el-Amani ya Unguja, iliyofunguliwa mwaka 1925, ilijengwa kuwa ukumbusho wa amani iliyofuata vita vya 1914 hata 1918. Nyumba ya Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 1940, ilipewa jina la marehemu Mfalme George wa Tano wa Uingereza. Zote mbili zilikuwa kumbukumbu kabla ya kuwa hazina ya vitu vya kale, nami naelekea kuamini kuwa ndiyo sababu neno letu likashika upande wa kukumbusha, wala si upande wa kuhifadhi wala wa kutazama. Mwenyeji akumbushwe vita na mfalme. Ngoma yake na jembe lake vilikuwamo ndani, lakini habari za vitu hivyo zilielezwa na wengine.

Hasara ya kutomwuliza mwenye kitu si ndogo. Nilipokuwa masomoni Ulaya niliingia siku moja katika makumbusho ya mji ule, nikakuta mbuzi ya kukunia nazi imewekwa kiooni kwa heshima kubwa, na chini yake imeandikwa kuwa ni kiti cha mganga. Mtoto yeyote wa pwani angaliweza kuwasahihisha, angaliulizwa.

Baada ya uhuru mambo yalianza kugeuka, ila polepole. Mwaka 1967 kilifunguliwa Kijiji cha Makumbusho, nje kidogo ya Dar es Salaam ya siku zile, kando ya barabara iendayo Bagamoyo. Humo zilijengwa nyumba za makabila mbalimbali, kila moja kwa namna na vifaa vya kwao: tembe ya Wagogo, msonge wa Wahaya, na nyinginezo. Lilikuwa wazo jema, lakini zilikuwa nyumba zisizo na wenyewe. Tena nyumba ya miti, udongo na nyasi haikubali kuwekwa kiooni. Yataka kukandikwa na kuezekwa upya, na ajuaye kuiezeka sawasawa ni yule aliyelelewa chini ya paa la namna ile. Kwa hiyo hata kama wakuu wa makumbusho wasingalipenda, nyumba zenyewe zingaliwalazimisha kuwaita wenyewe.

Mwito huo ulipata utaratibu wake katika miaka ya 1990, zilipoanzishwa Siku za Utamaduni wa Mtanzania. Kabila moja hualikwa, nalo huijenga au kuitengeneza nyumba yake, hupika vyakula vyake, hucheza ngoma zake na kueleza mila zake kwa kinywa chake. Katika nchi iliyouogopa ukabila, tena kwa haki, haukuwa mwaliko mwepesi. Nina shaka moja tu: asemaye kwa niaba ya kabila ni nani? Wazee wa mjini na wazee wa kijijini hawakubaliani daima hata juu ya jina la sehemu moja ya ghala, na mtafiti wa lugha hana budi kuyaandika majina yote mawili.

Lakini mfano ulio mzito zaidi waonekana Bujora, karibu na Mwanza, ambako hawakungoja kuandikiwa barua. Padre David Clement, mzaliwa wa Quebec aliyeitwa na Wasukuma Fumbuka, alifanya kazi pamoja na wazee wenyeji katika kukusanya vitu, nyimbo na habari za kale, hata makumbusho yakafunguliwa mwaka 1968. Wakati ulikuwa wa kufaa: utawala wa machifu ulikuwa umekwisha kufutwa kwa sheria mwaka 1963, na ngoma na vyombo vya watemi vilihitaji mahali pa heshima. Jumba lao lilijengwa kwa umbo la kiti cha enzi, umbo ambalo Msukuma hulisoma bila kibao.

Jirani yake ni jumba la vyama vya ngoma, Bagika na Bagalu. Vyama hivi havikumalizikia ukutani. Mwezi wa Juni, katika sikukuu ya Bulabo, wachezaji wao hushindana uwanjani kwa wakati mmoja, huku nyoka na fisi wakiletwa ili kuwavuta watu. Hapana jaji mwenye kalamu. Watazamaji huondoka upande huu wakahamia upande ule, na chama kilichozungukwa na watu wengi zaidi ndicho kilichoshinda.