Karibu Miaka Mitatu Bila Padre



Juma lililopita tulipata habari iliyotuhuzunisha. Katika kimojawapo cha vigango vyetu vya mbali, waamini hawakukusanyika kusali kwa Dominika mbili mfululizo. Padre hakuweza kufika kwa sababu ya ubovu wa barabara, na katekista alikuwa mgonjwa. Ufunguo wa kanisa ulikuwa nyumbani kwake, wala hakuna aliyethubutu kwenda kuuomba. Tulipouliza imekuwaje, tulijibiwa kwa unyofu kabisa: "Sasa Baba, nani angetuongoza?"

Swali hilo limeturudisha kwenye historia ya Kanisa la Buganda. Wengi wetu tunaifahamu kwa sehemu yake ya mwisho, yaani moto wa Namugongo wa tarehe 3 Juni 1886. Leo tungependa kuitazama miaka iliyoutangulia moto huo, ambayo husimuliwa kwa nadra.

Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe, walifika Buganda Februari 1879. Wa kwanza walikuwa Padre Siméon Lourdel, aliyeitwa Mapeera na Waganda, pamoja na Bruda Amans. Mwaka uliofuata wakabatizwa waamini wa kwanza. Lakini Novemba 1882, kwa kuhofia usalama wao, wamisionari waliondoka wote, wakavuka ziwa kwenda upande wa kusini, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Hawakurudi hadi Julai 1885, wakati Kabaka Mutesa alikuwa amekwisha kufariki na mwanawe Mwanga ameshika kiti. Kwa muda wa miezi 32 hapakuwa na Misa wala Kitubio. Waliobaki walikuwa Wakristo wachanga mno. Yosefu Mukasa Balikuddembe na Andrea Kaggwa walikuwa wamebatizwa tarehe 30 Aprili 1882. Matia Kalemba na Luka Banabakintu tarehe 28 Mei mwaka huohuo. Hawakuwa wametimiza hata mwaka mmoja tangu wabatizwe.

Mtu angetazamia kwamba mapadre, watakaporudi, watakuta majivu. Walikuta jumuiya imekua.

Ilikuaje? Hakuna aliyejaribu kuwa padre. Kila mmoja alishika lile lililokuwa mkononi mwake. Mukasa alikuwa na cheo ndani ya nyumba ya Kabaka, na vijana watumishi walikuwa chini yake. Basi akawafundisha hao, akawalinda na maovu ya ikulu. Kaggwa alikuwa mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka. Tauni ilipowahi kuingia, ndiye aliyewahudumia wagonjwa, akawafundisha waliokuwa kufani na kuwabatiza. Kalemba alikuwa msaidizi wa mtawala wa Ssingo na mwamuzi wa mashauri ya watu. Yeye pamoja na Luka waliilea jumuiya ya Mityana, umbali wa kilomita 70 hivi kutoka ikulu.

Huko Mityana ndiko aliko yule anayetugusa zaidi, Noa Mawaggali. Huyu alikuwa mfinyanzi. Hakuwa na cheo cha kujivunia, kwa maana kazi yake ilikuwa kumfinyangia vyungu mtawala wa Ssingo. Na bado, wakubwa walipokuwa safarini, Noa ndiye aliyebaki na watu. Tena, kwa muda mrefu wa utumishi wake huo hakuwa amebatizwa! Ubatizo aliupokea tarehe 1 Novemba 1885, baada ya mapadre kurudi. Mei 1886 Kalemba na Luka walipokamatwa, Noa alikuwa pamoja na waamini, na askari walipofika kuteka nyara alijitokeza mwenyewe. Alichomwa mkuki na kuachiwa mbwa tarehe 31 Mei. Dada yake, Munaku, aliwaomba wauaji wamwue naye. Hawakumwua, na baadaye alibatizwa.

Karama hizo zilirithishana pia. Mukasa alipokatwa kichwa tarehe 15 Novemba 1885, kwa kuwa alimkanya Mwanga kuhusu kuuawa kwa Askofu wa Kianglikana James Hannington, Karoli Lwanga alichukua uangalizi wa vijana. Yeye alibatizwa siku hiyohiyo. Miezi sita baadaye, usiku wa kuamkia hukumu, ndiye aliyewabatiza Kizito na wenzake watatu. Padre hakuwapo.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba karama ni za namna nyingi ila Roho ni mmoja, na kwamba jicho haliwezi kuukataa mkono. Hata hivyo Kanisa lilichukua muda kulisema hili kwa upana wake. Katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, Oktoba 1963, Kardinali Ruffini wa Palermo alishikilia kwamba karama ni jambo adimu katika nyakati zetu. Kardinali Suenens wa Ubelgiji akamjibu kuwa Kanisa haliwezi kuishi bila hizo, na kwamba zimo kwa waamini wa kila hali. Tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo VI aliwatangaza Mashahidi 22 wa Uganda kuwa watakatifu. Haukupita muda mrefu, tarehe 21 Novemba, ikatolewa hati ya Lumen Gentium, ambayo katika namba 12 inafundisha kwamba Roho hugawa karama kwa waamini wa kila daraja, zile kubwa na zile za kawaida kabisa. Mfinyanzi wa Mityana alikuwa amekwisha kuliishi fundisho hilo miaka 80 kabla.

Maaskofu wa Afrika Mashariki walipozifanya Jumuiya Ndogo Ndogo kuwa kipaumbele cha uchungaji mwaka 1976, walikuwa wakiirudia njia hiyohiyo. Je, tumeifuata? Tunakiri kwamba sisi mapadre tuna sehemu yetu katika kosa hili. Tumezoea kuulizwa kila jambo, na kusema kweli tumependa kuulizwa.

Kigango kile tunakifahamu. Yupo mwalimu mstaafu ambaye akisoma Maandiko watoto hunyamaza. Yupo mama mmoja muuza mboga ambaye hakuna mgonjwa asiyemfikia, na yupo kijana fundi baiskeli ambaye ndiye hasa huwakusanya vijana wenzake. Katekista anaendelea kupata nafuu, nasi tumekwenda kumwona. Tumemwomba achonge funguo nyingine mbili.