Jinsi nchi za Mediterania zinavyoungana kuokoa kilimo

NCHI zinazopakana na Bahari ya Mediterania hutofautiana kwa lugha, dini, utajiri na siasa. Baadhi yazo zimewahi kupigana vita, na nyingine hadi leo hazina ubalozi katika nchi jirani. Hata hivyo, wakulima wake wana jambo moja linalowaunganisha, nalo ni tabia ya nchi.

Katika eneo hilo mvua hunyesha majira ya baridi, kisha hufuata kiangazi kirefu chenye jua kali. Ndiyo maana mazao ya Tunisia, kisiwa cha Krete nchini Ugiriki na kusini mwa Uhispania yanafanana sana: mizeituni, mizabibu, ngano, shayiri, dengu na michungwa, pamoja na ufugaji wa kondoo na mbuzi. Matatizo nayo yanafanana. Maji ni haba, udongo umechoka, na wadudu na magonjwa huvuka mipaka bila pasipoti.

Hali hiyo inazidi kuwa ngumu. Ripoti ya mtandao wa wanasayansi unaojulikana kama MedECC, iliyotolewa mwaka 2020, ilieleza kuwa joto la eneo hilo lilikuwa limepanda kwa takriban nyuzi 1.5 tangu nyakati za kabla ya enzi ya viwanda. Kasi hiyo inapita wastani wa dunia kwa asilimia 20. Kwa mkulima anayetegemea mvua ya miezi michache, badiliko hilo linaweza kumaanisha msimu mzima kupotea.

Chimbuko la ushirikiano

Wazo la kuwafundisha pamoja wataalamu wa kilimo wa eneo hilo si geni. Mnamo Mei 21, 1962, kwa uongozi wa Baraza la Ulaya na Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo (OECD), ulitiwa saini mkataba wa kuunda Kituo cha Kimataifa cha Masomo ya Juu ya Kilimo cha Mediterania, kinachofahamika kwa kifupisho chake cha Kifaransa, CIHEAM.

Waanzilishi walikuwa nchi saba: Ufaransa, Italia, Uhispania, Ureno, Ugiriki, Uturuki na Yugoslavia, ambayo ilisambaratika baadaye. Kuanzia miaka ya 1980 milango ilifunguliwa kwa nchi za kusini na mashariki mwa bahari hiyo. Sasa wanachama ni 13, wakiwemo Misri, Algeria, Tunisia, Moroko, Lebanoni, Malta na Albania.

Makao makuu ya kituo hicho yako Paris, lakini kazi yenyewe hufanyika katika taasisi zake nne. Taasisi ya Bari, Italia, inajulikana kwa masuala ya maji, udongo, kilimo hai na udhibiti wa magonjwa ya mimea. Ile ya Montpellier, Ufaransa, hujikita katika uchumi wa kilimo, sera za chakula na maendeleo ya vijijini. Zaragoza, Uhispania, hufundisha uzalishaji wa mbegu bora, ufugaji na ufugaji wa samaki. Chania, katika kisiwa cha Krete, hushughulikia kilimo cha matunda na mboga pamoja na ubora wa vyakula.

Wanafunzi huenda huko kusomea shahada ya uzamili au kozi fupi. Kijana kutoka Aljeri huweza kuketi darasani na mwenzake wa Rabat, ingawa Algeria ilikata uhusiano wa kibalozi na Moroko mwaka 2021. Mgiriki na Mturuki hupima udongo pamoja, licha ya nchi zao kuvutana kwa miaka mingi kuhusu mipaka ya bahari. Wanaporudi nyumbani na kuajiriwa katika wizara na vyuo, huwa tayari wanajuana. Kwa njia hiyo, shule imekuwa daraja ambalo si rahisi kulijenga katika mikutano ya wanasiasa.

Ugonjwa uliotikisa Puglia

Thamani ya ujuzi huo ilidhihirika mwaka 2013 katika jimbo la Puglia, linaloongoza kwa uzalishaji wa mafuta ya zeituni nchini Italia. Karibu na mji wa Gallipoli, wakulima waliona majani ya mizeituni yakikauka kana kwamba yamebabuliwa na moto. Uchunguzi uligundua bakteria iitwayo Xylella fastidiosa, ambayo ilikuwa haijawahi kuenea katika mashamba ya Ulaya.

Bakteria hiyo huishi ndani ya mishipa inayopandisha maji kutoka mizizini. Inapoongezeka, mishipa huziba na mti hufa kwa kiu hata kama udongo una unyevu. Mdudu mdogo anayefyonza utomvu ndiye anayeihamisha kutoka mti mmoja hadi mwingine. Hadi sasa hakuna dawa ya kuuponya mti ulioambukizwa shambani.

Ili kuuzuia ugonjwa kusonga kaskazini, Umoja wa Ulaya uliagiza mwaka 2015 kwamba miti iliyoambukizwa ing'olewe, na katika maeneo maalumu hata mimea mingine inayoweza kuambukizwa iliyo umbali wa hadi mita 100. Agizo hilo lilizua hasira. Baadhi ya mizeituni ya Puglia ina umri wa mamia ya miaka na imerithiwa kutoka kwa mababu. Kwa familia nyingi, kuukata mti wa namna hiyo ni sawa na kulibomoa kaburi la babu.

Wapo waliodai kuwa wanasayansi wenyewe ndio waliouleta ugonjwa. Mwishoni mwa mwaka 2015 waendesha mashtaka wa mji wa Lecce walisimamisha ukataji wa miti na kuanza kuwachunguza watafiti kadhaa. Uchunguzi huo ulifungwa mwaka 2019 bila yeyote kushtakiwa. Wakati huo wote mdudu hakungoja uamuzi wa mahakama. Mamilioni ya mizeituni yalikuwa yameathirika.

Kutokana na msiba huo, watafiti walipata angalau tumaini. Iligunduliwa kwamba aina mbili za mizeituni, Leccino na FS-17, huambukizwa lakini hustahimili na kuendelea kuzaa. Wakulima wengi wamepanda aina hizo pale ilipokufa ya zamani. Funzo la pili lilikuwa chungu zaidi: sayansi isiyofafanuliwa mapema kwa mkulima, na kwa lugha anayoielewa, inaweza kupingwa na mtu yule yule inayotaka kumsaidia.

Mbegu zilizokimbia vita

Mfano mwingine unatoka Syria. Kituo cha Kimataifa cha Utafiti wa Kilimo katika Maeneo Makavu (ICARDA), kilichoanzishwa mwaka 1977, kilikuwa na hifadhi kubwa ya mbegu za ngano, shayiri, dengu na adesi huko Tel Hadya, kusini mwa mji wa Aleppo. Mbegu hizo ni urithi wa eneo ambalo binadamu alianza kulima nafaka maelfu ya miaka iliyopita.

Vita vilipopamba moto mwaka 2012, watafiti wa kimataifa walilazimika kuondoka. Kwa bahati nzuri, sehemu kubwa ya mbegu ilikuwa imeshapelekwa katika hifadhi ya Svalbard, Norway, iliyofunguliwa mwaka 2008 na kuchimbwa ndani ya mlima wenye barafu. Mwaka 2015 ICARDA ilikuwa ya kwanza kuomba kurudishiwa mbegu kutoka huko. Zilipandwa upya Lebanoni na Moroko, na mwaka 2017 mbegu mpya zikaanza kurejeshwa Svalbard. Akiba haiozi, wahenga walinena.

Uhusiano na Kenya

Kenya iko mbali na Mediterania, lakini ina sehemu yake katika kazi hii. Mwaka 1998 aina kali ya ugonjwa wa kutu ya ngano ilionekana nchini Uganda, ikapewa jina la Ug99. Baadaye ilifika Kenya, Ethiopia, Yemen, Iran na hata Misri. Wataalamu waliuona kuwa tishio kwa mkate wa mamilioni ya watu.

Tangu mwaka 2005, mbegu za ngano kutoka nchi nyingi zimekuwa zikipelekwa Njoro, katika eneo la Nakuru, kupimwa katika kituo cha utafiti wa kilimo ambako ugonjwa huo upo shambani. ICARDA ni miongoni mwa wadau wa kazi hiyo. Kwa hivyo, mkulima wa bonde la Nile anaweza kupanda ngano ambayo ilijaribiwa kwanza kwenye udongo wa Bonde la Ufa.

Changamoto

Ushirikiano huu una mapungufu yake. Fedha nyingi za utafiti hutoka Ulaya, na mwenye fedha mara nyingi ndiye huchagua swali la kuchunguzwa. Baadhi ya vijana wanaosomeshwa hubaki ng'ambo badala ya kurudi katika mashamba yanayowahitaji.

Mpango wa utafiti uitwao PRIMA, ulioanza mwaka 2018 na wenye makao yake Barcelona, ulikusudiwa kupunguza pengo hilo. Nchi za kaskazini na kusini huchangia kwa pamoja katika nyanja tatu: maji, mbinu za kilimo na safari ya chakula kutoka shambani hadi mezani.

Mzeituni unaopandwa leo utazaa kwa vizazi vingi, iwapo mvua itanyesha na maradhi yatazuiwa. Joto likizidi na maji yakipungua, hakuna nchi ya ufuo huo itakayoweza kuulinda peke yake.