Picha za Uchawi na Muziki wa Jazi: Kanisa Liliogopa Kipi?

Kabla simu za kugusa hazijaenea hapa Ndalambo, mtu aliyetaka kuona picha alikwenda kwenye kibanda umiza: banda la matete na turubai, jenereta nyuma, mabenchi ya mbao, televisheni moja juu ya meza. Zilizoonyeshwa mara nyingi ni picha za Nigeria zilizotiwa sauti ya Kiswahili, na zilizojaza banda kuliko zote ni za uchawi. Sisi watumishi tulilalamika kwamba vijana wanakosa maombi ya jioni. Kisha tulichokilalamikia tukakiingiza kanisani kwa mikono yetu wenyewe.

Ilikuwa wiki ya uinjilisti. Tuliazima projekta, tukafunga shuka jeupe ukutani, tukaonyesha picha ambayo mwishoni mchungaji anamshinda mchawi kwa maombi. Watu walijaa hadi madirishani. Tulipoita wanaotaka kutubu walikuja wengi, tukaandika majina, tukamshukuru Mungu. Siku nne baadaye watoto, baadhi yao wa shule yetu ya Jumapili, walimfuata njiani bibi mmoja mjane, mshirika wetu, wakimwita kwa jina la yule mchawi wa kwenye picha. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi, nasi tulikuwa tumewaonyesha bibi mwenye macho mekundu. Usiku mmoja jiwe likatupwa juu ya bati lake. Mwezi haukuisha, akahamia Tunduma kwa binti yake.

Tangu hapo tumetaka kujua picha hizi zilifikaje mlangoni petu, na tumegundua kwamba Kanisa lilikuwamo tangu mwanzo. Wazee wa huku wanakumbuka habari za baba zao waliovuka mpaka kwenda kuchimba shaba kule Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Mwaka 1932 Baraza la Kimataifa la Misioni lilimtuma J. Merle Davis akachunguze maisha ya wachimbaji hao, na kitabu chake kikatoka mwaka 1933. Davis aliona kwamba watu wamehama kutoka kijijini kwenda kwenye maisha wasiyoyajua, akafikiri sinema inaweza kuwasaidia. Kutoka kwenye wazo hilo ulizaliwa mradi wa filamu uliokaa Vugiri, milima ya Usambara, kuanzia 1935 hadi 1937, kwa fedha za Carnegie kutoka Marekani. Ulitengeneza filamu 35 kuhusu kilimo, afya, kuweka akiba na mengine, zikazungushwa kwa lori. Sauti iliwekwa kwenye sahani za santuri, ili picha ileile iweze kusemeshwa kwa lugha ya kila mahali. Kwa hiyo yule msimulizi wa kibanda umiza, anayempa mwigizaji wa Lagos maneno ya Kiswahili cha mtaani, ana babu yake Usambara, na babu huyo alilelewa na wamisionari.

Miaka ya 1950 tuliona sinema kama Muhogo Mchungu, ambamo aliigiza Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wetu. Baada ya Uhuru serikali iliunda Kampuni ya Filamu Tanzania, mwaka 1968. Tusikae sana hapo, ila filamu moja ya baadaye inastahili kutajwa. Arusi ya Mariamu, ya 1985, inamhusu mwanamke mgonjwa anayemwogopa mganga wa jadi, na watengenezaji wake wanamtazama mganga huyo kwa heshima. Mchungaji anaweza asikubaliane nao, lakini hawamfundishi mtu kumchukia jirani yake.

Mambo yaligeuka kanda za video zilipoingia. Mwaka 1992 huko Nigeria ilitoka Living in Bondage: mtu anamtoa mkewe kafara kwa chama cha siri ili apate utajiri, mke anarudi kumsumbua, na kimbilio lake la mwisho ni kanisa. Biashara ikafuata njia hiyo. Dar es Salaam nayo ikaanza kutengeneza za kwake, na Mussa Banzi akatoa Nsyuka na Shumileta mwanzoni mwa miaka ya 2000. Jina la Nsyuka si geni kwetu wa nyanda za juu kusini. Kwa jirani zetu Wanyakyusa abasyuka ni wafu, wazee waliotangulia, ambao zamani familia ziliwatambikia. Kwenye video mfu huyo amekuwa jitu la kutisha. Tusiwalaumu watu wa sinema peke yao. Wahubiri wetu walikuwa wamekwisha kufanya kazi hiyo mimbarini kwa miaka mingi, na kamera ilifuata tu.

Picha hizo zilifika watu wakiwa na hofu ya kweli. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mkoa wa Mbeya, ambao Songwe ilikuwa sehemu yake hadi 2016, ulitikiswa na habari za wachuna ngozi. Baadaye nchi nzima ikalia kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, waliouawa kwa sababu waganga waliwaahidi watu utajiri. Katika hali hiyo, picha inayosema mchawi yupo, ni bibi, na anakaa nyumba ya tatu, haiwezi kuitwa mchezo. Hata mchungaji akishinda mwishoni, saa mbili nzima macho yamekuwa kwa mchawi. Katekisimo yetu inaanza kwa kutufundisha nani wa kuogopwa kuliko wote, na sisi tulitumia jioni nzima kufundisha jibu jingine. Luther mwenyewe hatuwezi kumficha nyuma: aliamini wachawi wapo, na mwaka 1526, akihubiri juu ya Kutoka 22:18, alikubali wauawe. Tumerithi mengi mema kwake. Hilo si mojawapo.

Sasa jambo linalotuumiza zaidi. Wakati mlango ulikuwa wazi kwa picha za uchawi, ulikuwa umefungwa kwa jazi. Mzee mmoja wa kanisa wa hapa alipiga gitaa la besi katika bendi ya Mbeya ujanani. Alitengwa na Meza ya Bwana, na alipopokelewa tena aliambiwa aje bila gitaa. Akaliuza.

Jazi ya kwetu haikuwa hasa ile ya New Orleans. Dar es Salaam Jazz ilianza mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944, zikafuata Tabora, Kilwa, Western na NUTA Jazz, lakini muziki wao uliegemea zaidi santuri za rumba za Kuba. Jina ndilo lililosafiri. Kabla yao ilikuwapo beni, ngoma ya kuiga bendi za kijeshi, iliyoanzia pwani ya Kenya miaka ya 1890 na kuenezwa bara na askari wa Vita Kuu ya Kwanza. Kule migodini, ambako Davis alikwenda kuchunguza, wachimbaji waliicheza wakiiita mbeni.

Na tarumbeta je? Wamisionari wa Kijerumani ndio waliozileta kwenye sharika zetu, nazo zinatupigia tenzi kwenye mazishi hadi leo. Huko New Orleans bendi za watu weusi huenda makaburini zikipiga tenzi polepole, na kurudi zikipiga kwa furaha. Chombo ni kimoja, wafu wanazikwa kwa tumaini lilelile, lakini kwetu chombo hicho kikiwa ukumbini kiliitwa cha shetani.

Mwaka juzi tuliwaonyesha wazee sehemu ya Wahenga, filamu ya kweli ya mwaka 2018 iliyotengenezwa na Amil Shivji na Rebecca Corey kuhusu muziki wa dansi wa zamani. Yule mzee alitazama vidole vya wapiga gitaa tu. Ilipokwisha alisema, "Mchungaji, hawa hawakumloga mtu." Hatukuwa na la kumjibu. Siku hizi anafundisha vijana wa kwaya besi, kwa gitaa la usharika.

Kwa yule bibi tulikwenda Tunduma, wazee wawili wa kanisa pamoja nasi. Tulichelewa mno kwenda. Tulipiga magoti, tukamwambia kosa ni letu, si la watoto. Binti yake hakutaka kutukaribisha ndani. Yeye ndiye aliyesema tuletewe viti. Alituuliza kama yule mchungaji wa kwenye picha ni mchungaji kweli. Tukamwambia hapana, bibi, ni mwigizaji, analipwa. Akakaa kimya, akifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Na yule bibi je?" akauliza.

Tukamwambia naye ni mwigizaji.

"Na watoto mliwaambia?"