Santuri Mbili za Domesday na Kazi ya Chuo Kikuu cha Leeds

Katika sikukuu ya Noeli ya mwaka 1085, William wa Kwanza, Mfalme wa Uingereza, aliamuru mali ya nchi yake ichunguzwe: mashamba, vinu, mifugo, na majina ya wenyewe. Habari zilizokusanywa mwaka 1086 ziliandikwa kwa Kilatini juu ya ngozi za kondoo, na maandishi hayo yakaitwa Domesday. Yangalipo London hata leo. Ajuaye Kilatini na vifupisho vya makarani wa zama zile huyasoma bila ya chombo kingine ila macho yake.

Ilipotimia miaka 900, shirika la BBC, pamoja na kampani za Acorn, Philips na Logica, liliazimu kufanya hesabu mpya. Nchi iligawanywa vipande vya kilomita 4 kwa 3, na watu zaidi ya milioni moja, wengi wao watoto wa shule, wakaandika habari za mahali pao na kupiga picha. Yote yakatiwa katika santuri mbili kubwa za kusomwa kwa mwanga wa leza, zikatolewa mwaka 1986. Mtambo wake uliuzwa kwa pauni 5,000 hivi, bei iliyozishinda shule nyingi. Ikawa waandishi wenyewe, kwa sehemu kubwa, hawakupata kukisoma walichokiandika.

Yapasa kufahamu kwamba santuri hazikuoza. Kilichokufa ni kila kitu kilichozizunguka. Maneno yalihifadhiwa kwa tarakimu, bali picha zilihifadhiwa kwa njia ya televisheni, na mchanganyiko huo haukutumika sana penginepo. Mashine za kuzisomea zilikuwa chache, nazo ziliacha kutengenezwa. Programu nayo iliandikwa kwa kompyuta ya BBC, ambayo ilitoweka madukani. Utendi wa Tambuka, unaohesabiwa kutungwa mwaka 1728, humtaka msomaji ajifunze herufi za Kiarabu na desturi ya kuandikia Kiswahili kwazo. Ni kazi ya miezi, na mwalimu hupatikana. Santuri ya Domesday haifundishiki kwa namna hiyo, maana hapana jicho liwezalo kuzoezwa kuisoma.

Mwaka 1999 Chuo Kikuu cha Leeds na kile cha Michigan, Marekani, vilianza uchunguzi wa pamoja ulioitwa CAMiLEON, na Domesday ikafanywa mfano wake mkubwa. Mtambo mmoja uliosalia uliunganishwa na kompyuta ya kisasa, na maneno na picha zikanakiliwa, picha zikigeuzwa kuwa tarakimu. Kisha ikatengenezwa programu ya kuiga kompyuta ile ya zamani, hata programu ya mwaka 1986 ikaenda ndani yake kana kwamba imo katika mashine yake. Kazi hiyo ilionyeshwa hadharani mwaka 2002.

Wako waonao kwamba ingetosha kuyahamisha maneno na picha katika umbo jipya. Hoja hiyo ina nguvu, kwani programu ya kuiga nayo huitegemea kompyuta ya leo, nayo itachakaa. Lakini watu wa Leeds walikuwa na haki katika jambo moja: namna msomaji alivyotoka katika ramani kwenda katika picha, na kutoka picha kwenda katika maneno ya mtoto, ilikuwa sehemu ya kitabu chenyewe. Akiondoa hiyo, mtunza kumbukumbu ameokoa kurasa na kuupoteza mpangilio wake.

Ikabaki sheria. Haki za maandishi zilikuwa za watu wengi mno hata nakala isiweze kufunguliwa kwa umma papo hapo. Mwaka 2011 BBC ilizitoa habari za vijijini na mijini katika intaneti. Tovuti hiyo ilifungwa mwaka 2018, na nakala yake ikahifadhiwa na Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, mwenye kukitunza kile kitabu cha ngozi pia.

Orodha ya J. W. T. Allen ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyotolewa mwaka 1970, inaweka miswada ya Kiswahili na Kiarabu pamoja na kanda za sauti katika jalada moja. Muswada humngoja msomaji. Ukanda humngoja msikilizaji na mashine pia, na mashine za namna hiyo hazipatikani tena kwa urahisi.