Mia moja ya nani?

Tuseme una miaka 35, unachimba shaba Kapalamsenga, mkoani Katavi, na unataka bima ya maisha. Fomu inakuuliza: una presha? Kisukari? Umewahi kuugua kifua kikuu? Wazazi wako wako hai? Majibu yote yanaweza kuishia kuwa namba moja. Namba hiyo ilianzia wapi?

Ilianzia New York. Mwanzoni mwa karne ya 20, daktari Oscar Rogers na mtaalamu wa hesabu za bima Arthur Hunter, wote wa kampuni ya New York Life, walitafuta njia bora kuliko kusema tu "huyu anafaa, huyu hafai". Mteja wa kawaida wakampa 100. Kila kasoro ikaongeza pointi, kila jambo zuri likapunguza. Mfano (tarakimu ni zangu): presha, ongeza 60, unene, ongeza 25, wazazi walioishi hadi uzeeni, punguza 10. Jumla 175.

Usishtuke, haina maana kwamba utakufa kesho. Maana yake ni kwamba pale vinapotarajiwa vifo 100 kwenye kundi la kawaida, kwenye kundi la watu kama wewe vinatarajiwa 175. Ada inapangwa kwa kundi.

Mimi naipenda hesabu hii. Wengi waliokuwa wakikataliwa sasa waliweza kupata bima, japo ghali. Lakini ile 100 ilitokana na vifo vya wateja wa Marekani. Huku kwetu Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, Adrian Atiman, aliyewahi kuwa mtumwa kisha akasomea udaktari Malta, alitibu watu kwa zaidi ya miaka 60. Wagonjwa wake hawakuwamo kwenye daftari lile.

Halafu namba huzeeka. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Dawa hazikuwepo, na kampuni nyingi za bima duniani zilikataa kabisa wenye VVU. Tangu 2004 ARV zinatolewa bure nchini. Anayezianza mapema na kuzimeza bila kukosa anaweza kuishi karibu sawa na jirani yake asiye na virusi. Ukimkadiria kwa vifo vya miaka ya 1990, unamtoza kwa ugonjwa usiotibiwa, wakati yeye yuko kwenye dawa.

Kwa hiyo wakikuongezea ada, waulize: jedwali lenu limehesabu vifo vya nani, na vya mwaka gani?