Je, Mwenye Kwenda Polepole ni Mkimbiaji?



Anayelala Panda karibu na barabara kubwa hahitaji saa ya kumwamsha siku ya Jumamosi. Kabla ya kengele ya Misa ya kwanza, kabla akina mama hawajawasha makaa, husikia vishindo vya miguu na sauti za nyimbo. Ni watu wa futingi: vijana, mafundi wa karakana, akina mama wenye kitambaa kichwani, pengine na mzee mmoja au wawili waliokwisha kustaafu kazi ya Gécamines. Wanakimbia pamoja kwa wimbo, mmoja akianza na wengine wakiitikia. Kwa sababu ya wimbo huo hakuna awezaye kwenda kasi sana, maana pumzi ya kuimba na pumzi ya kukimbia hutoka katika kifua kimoja.

Lakini mwaka huu ubishi umeingia katika kundi moja tunalolijua vema. Vijana wachache wamejipatia zile saa za mkononi zenye kupima kilometa, nao wakaanza kusema kwamba kundi liwe la wakimbiaji wa kweli tu, yaani wale wawezao kumaliza kilometa 10 chini ya dakika 50. Wengine watafute jina lingine. Mmoja wao alimwambia mama mmoja mbele ya watu: "Mama, wewe hukimbii, wewe unatembea kwa haraka." Mama yule hakujibu neno. Jumamosi tatu zikapita bila kuonekana.

Ndipo walipokuja kwetu ili tuamue, kwa kuwa watu hudhani kwamba katekista anajua kila jambo. Hatukuwa na jibu siku ile. Tulichofanya ni kusoma habari za mbio tangu zamani, na tuliyoyaona tunawaandikia hapa, kwa maana ubishi huu si wa Panda peke yake, wala haukuzaliwa juzi.

Tuanze na Uingereza. Mwaka 1866 mabwana wa London waliunda chama cha kushindana mbio na kuruka, nao walitaka kiwe cha watu wa heshima tu. Katika miaka ile waliandika sheria ya kueleza ni nani astahiliye kushindana. Asiwe mtu anayekimbia kwa fedha. Hiyo tunaweza kuielewa. Lakini waliongeza jambo jingine: asiwe fundi wa mitambo, wala mtu wa kazi ya mikono, wala kibarua. Tazameni basi! Mtu angeweza kuwa mwenye mwendo kupita wote, asiwe amepokea hata senti moja kwa ajili ya mbio zake, na bado angefukuzwa kwa kuwa mchana hushika nyundo. Walitoa sababu yao: eti kazi ya mikono humtia mtu nguvu za mwili, kwa hiyo si haki ashindane na bwana anayekaa mezani. Sisi tunadhani sababu ya kweli ilikuwa nyingine. Bwana hakupenda kumwona mtumishi wake akimtangulia.

Tunaomba mwenyeji wa Panda asimame hapa kidogo afikiri. Mji wetu ulikua kwa mikono ya mafundi na vibarua. Baba zetu walitoka mbali wakaja kufanya kazi ya Union Minière, wakaishi katika kambi, wakayeyusha shaba, wakatengeneza vyuma katika karakana kuu za Panda. Kwa sheria ile ya London hakuna hata mmoja wao ambaye angekubaliwa kusimama kwenye mstari. Sheria hiyo iliondolewa katika mbio mwaka 1880, chama kipya kilipoanzishwa mjini Oxford. Katika mashindano makubwa ya makasia ya Henley iliendelea mpaka mwaka 1937.

Mungu naye ana namna yake ya kucheka. Michezo ya Olimpiki ilipofufuliwa Athene mwaka 1896, mbio ndefu kuliko zote, zile zilizoanzia Marathon, zilishindwa na nani? Ni Spyridon Louis, mchukuzi wa maji wa kijiji cha Marousi. Wagriki walimshangilia karibu kupasua mbingu. Lakini katika siku zilezile alikuwako mwanamke maskini, Stamata Revithi, aliyetaka kukimbia pamoja na wanaume, asikubaliwe. Kesho yake akakimbia njia ileile peke yake, kwa muda wa kama saa tano na nusu, na hawakumruhusu kuingia uwanjani. Mchukuzi wa maji alipata mlango. Mama huyu alibaki nje. Hivyo ndivyo mambo haya yanavyokwenda mara nyingi: anayefunguliwa leo huona mlango umefunguka wote, kumbe umefunguka kwa upana wa mabega yake tu.

Miaka minane baadaye, mwaka 1904, huko St. Louis katika Marekani, Waafrika wawili wa kabila la Watswana walishiriki mbio ndefu za Olimpiki. Hawakupelekwa kule kwa ajili ya mbio. Walikuwa sehemu ya maonyesho ya vita vya Makaburu, watu wakilipa kuwatazama. Len Taunyane alikuwa wa tisa, Jan Mashiani wa kumi na mbili, katika watu 32 walioanza na 14 waliomaliza. Inasemwa kwamba Taunyane alifukuzwa na mbwa akatoka njiani, asingepoteza muda angefika mbele zaidi. Na majina yao yaliandikwa kwa makosa, mmoja Lentauw, mwingine Yamasani, yakabaki hivyo kwa miaka mingi.

Sisi Waafrika tunapenda kumkumbuka Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda Roma mwaka 1960 bila viatu, na tuna haki ya kumkumbuka. Lakini habari ya Bikila haijibu swali la yule mama. Mtu wa kwanza hupata rafiki kila mahali. Swali letu ni juu ya mtu wa mwisho.

Kwa swali hilo twende Afrika ya Kusini, ambako treni zetu za shaba zilikwenda, na ambako watu wengi wa Katanga wana ndugu. Mwaka 1921 askari mmoja wa vita vya kwanza vya dunia, Vic Clapham, alianzisha mbio za kuwakumbuka wenzake waliokufa. Aliziita Comrades, yaani mbio za wenzi wa vita. Njia yake ni ya kati ya Pietermaritzburg na Durban, karibu kilometa 90, milima juu ya milima. Siku ya kwanza walianza watu 34, wakafika 16. Jina zuri, nia nzuri. Lakini wenzi hao walikuwa wanaume weupe tu. Mwaka 1923 Frances Hayward alinyimwa ruhusa ya kuandikishwa. Akakimbia hata hivyo, akamaliza. Mwaka 1935 Mwafrika mmoja, Robert Mtshali, naye alikimbia bila jina lake kuandikwa katika kitabu, akafika kwa muda wa saa tisa na nusu. Hakupewa medali.

Ajabu yake ni hii, kwamba watu wa njiani hawakukubaliana na kitabu. Frances Hayward alinunuliwa zawadi ya vyombo vya chai vya fedha na wakimbiaji wenyewe pamoja na watazamaji. Mtshali alipewa zawadi pia. Ndiyo kusema, waliotoka jasho pamoja nao walijua ni nani aliyekimbia. Ilipaswa kungoja mpaka mwaka 1975 ndipo wanawake na watu weusi waliporuhusiwa kwa sheria, na mwaka 1989 Sam Tshabalala akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda. Tangu mwaka 2019 iko medali yenye jina la Robert Mtshali, nayo hupewa wenye kumaliza chini ya saa kumi. Wanaofika katika saa ya mwisho kabisa, ya kumi na mbili, hupata medali yenye jina la Vic Clapham, mwanzilishi mwenyewe. Wazo hilo tumelipenda sana: jina la mwanzilishi wamepewa wa mwisho.

Hata hivyo tusijidanganye. Saa kumi na mbili zikitimia, mtu husimama kwenye mstari akiwapa mgongo wakimbiaji, hupiga bastola, na mlango hufungwa. Aliyebakisha hatua tano hapati kitu, hata akilia. Wako wanaosema ni ukatili. Sisi tunasema si ukatili, maana kipimo hicho ni kimoja kwa wote, kilitangazwa mapema, wala hakimuulizi mtu rangi yake au kazi yake. Kipimo si dhambi. Boston waliweka kipimo cha muda mwaka 1970, kwa kuwa watu walizidi barabara. Walitaka mtu awe anaweza kumaliza chini ya saa nne. Tatizo la Boston lilikuwa jingine: wanawake hawakukubaliwa rasmi mpaka mwaka 1972, ingawa Bobbi Gibb alikuwa amekwisha kumaliza njia ile mwaka 1966, baada ya kujificha kichakani akingoja wanaume waanze.

Wala tusiwachukie wenye mbio. Kanisa lenyewe limewalea. Bradha Colm O'Connell, mtawa kutoka Ireland, alifika Iten katika Kenya mwaka 1976 ili kufundisha jiografia katika shule ya Mt. Patrick, akawa mwalimu wa mbio wa mabingwa wengi, mmojawapo David Rudisha aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 800 London mwaka 2012. Kipaji ni cha Mungu, na kukificha ni kosa.

Twende sasa kwa mambo ya karibu. Tangu miaka ya 1960, watu wa New Zealand na kisha wa Marekani walipoanza kukimbia polepole kwa ajili ya afya, barabara za dunia zimejaa watu wasio mabingwa. Katika mbio za kwanza za London, mwaka 1981, wawili wa mbele, Mmarekani na Mnorwe, walivuka mstari wakishikana mikono, na nyuma yao wakafuata maelfu. Lakini katika mji uleule, mwaka 2019, watu wa nyuma walilalamika kwamba walitukanwa na wafanyakazi wa usafi, na vituo vya maji vilikuwa vimeondolewa kabla hawajafika. Wakubwa wa mbio wakaomba radhi.

Uingereza huko ndiko ulikotokea pia ubishi unaofanana na wetu kuliko mwingine wote. Tarehe 2 Oktoba 2004, Paul Sinton-Hewitt, aliyekuwa ameumia asiweze kukimbia na akiwatamani rafiki zake, aliwaita katika bustani ya Bushy Park wapimane mwendo kwa kilometa 5. Walikuja 13. Leo jambo hilo linaitwa parkrun, hufanyika kila Jumamosi katika nchi nyingi, halilipiwi, na daima yuko mtu wa kujitolea ambaye kazi yake ni kutembea nyuma kabisa, ili mgeni mnyonge asiwe wa mwisho. Mwaka 2024 wakuu wake waliondoa orodha za rekodi za mwendo katika kurasa zao, wakisema zinawatisha wanaotaka kuanza. Maelfu wakatia sahihi kupinga. Walisema: Je, kumkaribisha mnyonge ni lazima kumfiche mwenye nguvu? Mwanzo wetu si kupimana?

Kwa maoni yetu, wale wapinzani walikuwa na neno la haki. Mama wa Panda hakuacha kuja kwa sababu kijana fulani ana mbio. Aliijua habari hiyo tangu siku ya kwanza, tena alikuwa akimpigia vigelegele. Aliacha kwa sababu aliambiwa jina si lake. Orodha ya muda haikumfukuza mtu. Ulimi ndio uliomfukuza.

Huko Vatikano iko timu ya mbio, Athletica Vaticana, iliyotangazwa Januari 2019. Ndani yake walikuwamo askari wa Papa, mapadri, masista, wafanyakazi wa duka la dawa, na vijana wawili Waislamu waliofika Italia kama wahamiaji. Wengine wao ni wepesi sana, wengine hapana. Hatujasikia kwamba sista mwendo wa polepole ameombwa kutafuta jina lingine.

Tulipowakusanya vijana wale hatukuwasomea haya yote, wangelala. Tuliwakumbusha asubuhi ya Pasaka katika Injili ya Yohane, sura ya ishirini. Wanafunzi wawili wanakimbia kwenda kaburini. Mdogo anamshinda Petro mbio, anafika wa kwanza, anainama, anaona vitambaa, naye haingii. Anangoja. Petro anafika akihema, anaingia mbele. Mwinjili hakuficha kwamba mmoja alikuwa na mbio kuliko mwenzake, aliandika waziwazi. Kijana mmoja akauliza kwa nini yule mdogo alingoja. Tukamwambia akajibu mwenyewe.

Walibishana mpaka giza likaingia. Mwisho walipatana hivi: wote waanze pamoja kwa wimbo mpaka njia ya reli, hapo wenye saa waende watakavyo, kisha warudi kuwapokea wengine, na kila Jumamosi mmoja wa wenye mbio abaki nyuma kabisa, kwa zamu, na chupa ya maji. Kijana aliyesema neno lile alikwenda nyumbani kwa mama kumwomba msamaha. Mama alimwacha asimame mlangoni kitambo kizuri, ndipo akampa kiti.

Jumamosi iliyopita zamu ya kubaki nyuma ilikuwa yake. Tulimkuta baadaye ameketi kwenye ngazi za kanisa, amevua viatu, anakanda miguu. Alisema hakujua kwamba kwenda polepole kunachosha hivyo, na kwamba mama huyo huongea njia nzima.