Nahau za Kiingereza Mjini Bujumbura: Urithi wa Kihistoria na Changamoto ya Mtangamano

Tarehe 1 Julai 2007 Burundi ilipata uanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ibara ya 137 ya Mkataba wa Jumuiya, uliotiwa saini mwaka 1999, ilikuwa imekifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi na kuagiza Kiswahili kikuzwe kiwe lugha ya mawasiliano mapana. Makala haya yanadai kwamba nahau za Kiingereza huwatatiza wasomaji wa Bujumbura kwa sababu ya kihistoria: huwafikia kupitia lugha nyingine mbili, na kila moja huzipa sura yake.

Chini ya Wajerumani, mwishoni mwa karne ya 19, Usumbura ilikuwa kituo cha kijeshi, na Kiswahili kilitumika katika utawala na biashara. Wabelgiji waliotwaa eneo hilo mwaka 1916 walikipa Kifaransa nafasi ya juu serikalini na shuleni. Kiswahili kilibaki imara sokoni na katika mitaa kama Buyenzi na Bwiza, huku Kirundi kikiendelea kuwa lugha ya wananchi walio wengi. Hivyo, sheria ya mwaka 2014 ilipokifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi pamoja na Kirundi na Kifaransa, lugha hiyo ilipokewa na jamii yenye mazoea yake ya kufasiri.

Mfano wa wazi ni nahau “at the end of the day”, yenye maana ya “hatimaye” au “baada ya kuzingatia yote”. Vyombo vya habari vya Kenya na Tanzania vimeizoea kwa tafsiri sisisi: “mwisho wa siku”. Msomaji aliyesomeshwa kwa Kifaransa hukumbuka “en fin de journée”, ambayo ni jioni halisi. Nahau inayolingana na ile ya Kiingereza ni “en fin de compte”. Ahadi kwamba “mwisho wa siku michango italipwa” yaweza basi kusomwa kama muda wa mwisho wa malipo.

Hata wenyeji wa Kiingereza hawakubaliani daima. Kuweka hoja mezani, kwa matumizi ya Uingereza yaliyorithiwa na mabunge ya Afrika Mashariki, ni kuiwasilisha ijadiliwe. Marekani ni kuiahirisha. Mshauri wa sera anayesoma nyaraka za Arusha pamoja na za wafadhili wa Marekani hukabiliwa na maana mbili zinazopingana.

Si kila nahau huleta utata. “Taa ya kijani” kwa maana ya idhini inafahamika upesi, kwa kuwa Kifaransa nacho kina taswira hiyo. Urahisi huo ndio unaomghilibu msomaji: taswira ikifanana mara moja, hudhaniwa itafanana daima.

Historia hii inaelekeza hatua mbili. Kwanza, wafasiri wa nyaraka za Jumuiya watoe maana badala ya maneno; “hatimaye” na “kuwasilisha hoja” ni Kiswahili fasaha kisichohitaji mkopo. Pili, faharasa za nahau zinazokusudiwa Burundi zioneshe Kirundi na Kifaransa bega kwa bega na Kiswahili. Bila hatua hizo, mkataba uliosainiwa na wote utaendelea kusomwa kwa namna tofauti Arusha na Bujumbura.